Barua ya wazi kwa wenye dhamana: mishipa ya damu ya mtoto haisubiri akue

Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya afya, elimu, fedha na biashara,

Nawaandikia nikiwa daktari wa watoto ambaye sehemu kubwa ya siku yake hupita kati ya mizani, kipimo cha urefu kilichopigiliwa ukutani na mashine ya presha. Sisemi kwa niaba ya chama chochote, wala sina dawa ninayoinadi. Nina jambo moja ambalo nimelirudia katika vikao vingi vidogo bila kulifikisha mahali panapokatwa shauri, nalo ni kwamba unene uliokithiri huanza kuharibu moyo na mishipa ya damu ya mtoto akiwa bado mtoto, kwamba uharibifu huo kwa sehemu kubwa hurekebishika ukiwahiwa, na kwamba kwa sababu hiyo kila mwaka unaopita bila uamuzi wenu unamegwa kutoka katika muda mfupi ambao mtoto huyo amebakiwa nao wa kurudi katika hali njema.

Nianze na shingo. Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka 11, na hakumleta kwa sababu ya uzito, bali kwa sababu ya weusi uliomzunguka shingoni kama ukosi wa shati. Kwa majuma kadhaa alikuwa akimsugua kwa dodoki na sabuni, akimgombeza kwamba haogi vizuri, mpaka ngozi ikachubuka upande mmoja na weusi ukabaki palepale. Alidhani ni nongo. Kwa mtoto mnene, ngozi iliyokolea rangi na kuwa nene, laini kama mahameli, shingoni au kwapani, mara nyingi ni alama kwamba mwili umeacha kuitii insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, kwa hiyo kongosho linalazimika kuizalisha kwa wingi kupita kiasi, na insulini hiyo iliyofurika ndiyo inayoichochea ngozi ijijenge namna ile. Hakuna sabuni inayoondoa kitu kinachotoka kwenye damu.

Baada ya shingo nikataka kumpima presha, na hapo tukakwama, kwa maana mkanda wa watoto tulionao haukuweza kumzunguka mkono. Kipimo hiki kina kanuni ambayo haijulikani sana nje ya kliniki: mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unapaswa kuuzunguka mkono kwa asilimia 80 hadi 100, na upana wake usipungue asilimia 40 ya mzingo wa mkono huo. Mkanda ukiwa mdogo mno, mashine husoma presha kubwa kuliko iliyopo, na ukiwa mkubwa mno husoma ndogo. Muuguzi akaenda kuazima mkanda wodi ya watu wazima. Tulimpima zaidi ya mara moja siku ile, kisha tukampima tena katika siku mbili nyingine tofauti, kwa kuwa mtoto hastahili kuitwa mgonjwa wa presha kwa kipimo cha siku moja, tena siku ambayo ameingia akiwa na hofu ya sindano. Siku zote tatu presha ilikuwa juu. Mama akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayehisi anataniwa, “Daktari, kwani presha si ugonjwa wa wazee?”

Swali hilo ndilo ninalowaletea, kwa sababu bajeti nyingi za afya zimepangwa kana kwamba jibu lake ni ndiyo.

Jibu sahihi limekuwa likijulikana tangu mwaka 1953, pale madaktari wa jeshi la Marekani walipochapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, nao walikuwa vijana waliokaguliwa na kuonekana wana afya ya kubeba silaha, lakini zaidi ya robo tatu yao walikutwa na dalili za ugonjwa zinazoonekana kwa macho katika mishipa inayoulisha moyo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1973, Gerald Berenson na wenzake walianza kuwafuatilia watoto wa mji wa Bogalusa, katika jimbo la Louisiana, wakiwapima uzito, presha na mafuta ya damu mwaka baada ya mwaka. Baadhi ya watoto na vijana hao walifariki wakiwa bado wadogo, wengi kwa ajali na majeraha, na mwaka 1998 watafiti walitangaza walichokikuta katika miili 204 ya watu wenye umri wa miaka 2 hadi 39. Pale ambapo vipimo vya uhai wao vilikuwepo, vililinganishwa na hali ya mishipa. Kwa wale ambao hawakuwa na kihatarishi hata kimoja, michirizi ya mafuta ilikuwa imefunika asilimia 1.3 ya utando wa ndani wa mishipa ya moyo. Kwa wale waliokuwa na vihatarishi vitatu au vinne, miongoni mwavyo uzito uliozidi na presha ya juu, ilikuwa imefunika asilimia 11. Hakuna mzee kati yao. Ugonjwa tunaouona ukimwangusha mtu wa miaka 55 ofisini huwa umeshaishi naye kwa miongo kadhaa bila kubisha hodi.

Naomba mniwie radhi nikikaa kidogo kwenye namna unene huu unavyofanya kazi mwilini, kwa sababu naamini kwamba anayeielewa hatalichukulia tena suala hili kuwa la umbo au la urembo. Mafuta yaliyojaa tumboni, yakizunguka ini na utumbo, si akiba iliyolala kama gunia ghalani. Ni tishu hai inayomwaga kwenye damu asidi za mafuta na kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani, usiouma wala kuleta homa. Ini linalopokea mafuta hayo hutengeneza trigliseridi, aina mojawapo ya mafuta ya damu, nyingi zaidi, huku ile kolesteroli tunayoiita nzuri ikipungua na ile mbaya ikigeuka kuwa chembe ndogo, nzito, zinazopenya kwa urahisi katika kuta za mishipa. Insulini iliyozidi huziambia figo zishikilie chumvi, chumvi huvuta maji, na wakati huohuo mishipa ya fahamu inayoukimbiza mwili wakati wa hatari hubaki imewashwa mchana na usiku. Mambo hayo yakikutana, presha hupanda. Moyo unaosukuma damu dhidi ya presha hiyo hufanya kama msuli wowote unaobebeshwa mizigo, yaani hunenepa ukuta wake wa kushoto, na unene wa ukuta wa moyo si sifa njema kama unene wa msuli wa mkono. Mtoto akikoroma usiku na pumzi ikawa inakatika na kurudi, jambo ambalo wazazi wengi hulichekea, kila kukatika huko hupandisha presha kwa wakati ambao ilipaswa kupumzika. Nimewaona watoto ambao wamefikishwa kwangu kwa sababu wanasinzia darasani, na walimu wao walikuwa wameshaandika kwenye ripoti kwamba ni wavivu.

Mambo haya huwa hayaishii utotoni. Nchini Denmark, kumbukumbu za upimaji wa wanafunzi 276,835 wa Copenhagen ziliunganishwa na kumbukumbu za magonjwa yao ya ukubwani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba kadiri uwiano wa uzito na urefu wa mtoto wa miaka 7 hadi 13 ulivyokuwa juu, ndivyo hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilivyokuwa kubwa alipokuwa mtu mzima, na uhusiano huo ulizidi kuwa na nguvu kadiri mtoto alivyokuwa akikua.

Sasa nifike kwenye utafiti ambao, kama mngekuwa na muda wa kusoma ukurasa mmoja tu, ningewaomba msome huo. Mwaka 2011 watafiti waliunganisha makundi manne ya watu 6,328 waliopimwa utotoni na kupimwa tena baada ya wastani wa miaka 23. Waliokuwa wanene utotoni na wakabaki wanene ukubwani walikuwa na hatari kubwa ya kisukari cha aina ya pili, presha, mafuta mabaya kwenye damu na kunenepa kwa kuta za mishipa ya shingo. Hilo lilitarajiwa. Lakini wale waliokuwa wanene utotoni kisha wakafika utu uzima bila unene uliokithiri, hatari yao ilifanana na ya watu ambao hawakuwahi kuwa wanene kabisa. Kwa maneno mengine, mishipa ya damu ya mtoto husamehe, na msamaha huo una muda wake. Ni nani basi anayepoteza muda huo? Inakadiriwa kwamba takriban vijana wanane katika kila kumi walio na unene uliokithiri katika umri wa kubalehe huendelea nao ukubwani, hivyo ile kauli ya kutuliza, “atapungua akikua”, ambayo nimeisikia kutoka kwa bibi, kutoka kwa walimu na, nasikitika kusema, kutoka kwa baadhi ya wenzangu wa koti jeupe, haina mashiko kwa walio wengi. Haki inanitaka niseme pia upande wa pili: watu wazima wengi wenye unene uliokithiri hawakuwa wanene utotoni, kwa hiyo kumtibu kila mtoto mnene hakutaliondoa tatizo hili duniani. Ndiyo sababu siombi kliniki peke yake.

Najua hoja itakayokuja mezani, kwamba kosa ni la wazazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 zaidi ya watoto na vijana milioni 390 wa umri wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 160 walikuwa na unene uliokithiri. Mwaka 1990, wenye uzito uliozidi katika umri huo walikuwa asilimia 8. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 20. Chembe za urithi za binadamu hazikubadilika katika miaka 32, na sidhani kama kuna anayeamini kwamba akina mama wa dunia nzima waliamka siku moja wakaacha kuwajali watoto wao kwa pamoja. Kilichobadilika ni kile kinachouzwa, namna kinavyotangazwa, bei yake, na nafasi aliyonayo mtoto ya kukimbia. Hayo yote yana sheria, na sheria zina wenyewe.

Chukueni mfano wa kopo moja la mililita 330 la kinywaji chenye sukari ya kawaida ya vinywaji vya aina hiyo. Huwa na takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai, na hakuna mzazi ambaye angevichota vijiko hivyo tisa kwa mkono wake na kumpa mtoto akavimeza kwa dakika tano. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600, asilimia 10 ni gramu 40. Kopo moja karibu limemaliza posho ya siku nzima, na mtoto bado ana njaa, kwa kuwa sukari iliyonywewa haishibishi kama chakula kinachotafunwa.

Kuna mahali ambapo jambo hili limeshughulikiwa kwa kalamu ya serikali. Mexico ilianza kutoza kodi ya peso moja kwa kila lita ya vinywaji vyenye sukari mwaka 2014. Uingereza ilianza tozo yake Aprili 2018, ikiipandisha kwa ngazi kulingana na kiasi cha sukari, na watengenezaji wengi walipunguza sukari katika vinywaji vyao hata kabla ya siku ya kuanza kutozwa, jambo ambalo kwangu ndilo ushahidi mzuri kuliko wote kwamba ilikuwa inawezekana tangu mwanzo. Chile, kuanzia mwaka 2016, ililazimisha alama nyeusi ya pembe nane mbele ya kifungashio cha chakula chenye sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi, ikazuia vyakula hivyo kuuzwa shuleni na kutangazwa kwa watoto. Sikatai kwamba kodi peke yake haimpunguzi mtoto uzito. Ninachokataa ni kusikia kila mwaka kwamba suala bado linafanyiwa upembuzi, ilhali kampuni zinazouza bidhaa hizo zinadhamini mashindano ya michezo ya watoto walewale na nembo zao zinaning'inia juu ya goli.

Kuhusu mazoezi nitakuwa mfupi, maana hakuna asiyejua. Dakika 60 kwa siku, kwa mtoto wa miaka 5 hadi 17, ndiyo kiwango kinachoshauriwa, na mazoezi hushusha presha na kuuzoesha mwili kuitii insulini hata pale ambapo mizani haisogei. Shule inayofuta kipindi cha michezo ili kupata muda wa kujiandaa kwa mitihani inajinyima kitu ambacho hata mitihani yenyewe inakihitaji.

Jambo ninalolisisitiza zaidi, kwa kuwa ni rahisi na linachelewa bila sababu, ni upimaji. Mtoto mwenye umri wa miaka 5 na kuendelea apimwe uzito na urefu kila mwaka, na matokeo yasomwe kwenye chati za umri na jinsia yake, si kwenye jedwali la watu wazima ambalo hadi leo naliona limebandikwa katika vyumba vya watoto. Utepe wa fundi cherehani pia unatosha kutoa onyo: kiuno kinachozidi nusu ya urefu wa mtoto kinastahili kuangaliwa. Presha ipimwe pia. Mwongozo wa mwaka 2017 wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani unataka ipimwe kila mwaka kuanzia miaka 3, na kwa mtoto mwenye unene uliokithiri ipimwe kila anapokuja kituoni, hata kama amekuja kwa mafua. Mashine zipo. Kinachokosekana ni mikanda ya saizi tofauti, ambayo katika orodha ya manunuzi ya hospitali ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa, na labda ndiyo sababu hakuna anayeikumbuka.

Ila upimaji ukifanywa vibaya ni afadhali usifanywe. Shule moja, ambayo sitaitaja, iliwapanga watoto kwenye mstari uwanjani, mizani ikiwa mbele, na mwalimu akawa anasoma kilo za kila mmoja kwa sauti ili mwenzake aandike. Binti mmoja wa darasa la sita alisomewa namba yake, uwanja ukaangua kicheko, na mama yake aliniambia kwamba kuanzia siku hiyo aliacha kula mbele ya watu na kuanza kula usiku jikoni, gizani. Kipimo chake kilikuwa sahihi kwa nusu kilo. Kwa hiyo naomba agizo lolote mtakalotoa liseme wazi kwamba mtoto apimwe faraghani, na mtu aliyefundishwa, na majibu yapelekwe kwa mzazi kwa lugha isiyomtukana mwanawe. Pia liseme mtoto atapelekwa wapi baada ya kupimwa. Chama kilekile cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, kinataja saa 26 au zaidi za kukutana na familia katika kipindi cha miezi 3 hadi 12, mzazi na mtoto wakifundishwa pamoja kuhusu chakula, usingizi, mazoezi na tabia, kuwa ndiyo tiba yenye matokeo. Mimi nina dakika kama kumi kwa kila mgonjwa, na mtaalamu wa lishe tunaye mmoja anayekuja siku mbili kwa juma. Zipo sasa dawa za kupunguza uzito zilizoidhinishwa katika baadhi ya nchi kwa vijana kuanzia miaka 12, na kwa wachache zitakuwa msaada wa kweli, lakini si haki kumpa mtoto sindano ya kila juma ilhali mlangoni mwa shule yake mmeacha kila kitu kama kilivyokuwa.

Baadhi yenu mtasema kwamba bado wapo watoto wanaokosa chakula, na kwamba fedha ziende huko kwanza. Wapo, nami nawatibu hao pia katika kliniki hiyohiyo. Lakini mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo kisha akanenepa haraka miaka ya baadaye yumo miongoni mwa walio katika hatari kubwa ya presha na ugonjwa wa moyo, kwa hiyo mara nyingi tunayezungumzia ni mtoto yuleyule, katika umri tofauti. Kumgawa kwenye bajeti mbili zinazogombana hakumsaidii.

Yule wa shingo anarudi kliniki mwezi ujao. Mama yake ameacha kumsugua, vinywaji vyenye sukari vimeondoka nyumbani, na anatembea kwenda shule na kurudi pamoja na dada yake. Nitampima tena kwa mkanda ambao muuguzi atauazima wodi ya watu wazima asubuhi, na ambao tumeahidi kuurudisha kabla ya saa sita mchana.

Wenu katika utumishi,

Daktari wa watoto